Mlinganyo wa kemia: Namba moja inavyoweza kumpa au kumnyima mtahiniwa alama

WATAHINIWA wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, kwa kawaida hufanya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE) wakati ambapo wazazi wao wako shambani. Mvua ya vuli, ambayo ndiyo wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi, hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mtihani huandaliwa Oktoba na Novemba. Mzazi hupanda ndengu, kunde na mbaazi bila kujua mvua itakuwaje. Mtoto naye huingia darasani kuvuna alichokipanda kwa miaka minne.

Katika somo la kemia, mavuno hayo hutegemea sana stadi moja ambayo wanafunzi wengi huiogopa kuliko inavyostahili, nayo ni kuandika na kusawazisha mlinganyo wa kemikali. Anayeimudu huipata faida yake karibu katika kila mada. Asiyeimudu hupoteza alama hapa moja na pale mbili, na kufikia mwisho wa karatasi amepoteza gredi nzima.

Hasara hiyo si ndogo kwa familia inayolipa karo kutokana na mazao ya shamba kame. Kozi za udaktari, uuguzi, famasia, kilimo na uhandisi hutazama gredi ya kemia kabla ya kumpokea mwanafunzi. Kwa hivyo, kujifunza milinganyo ni jambo linalogusa maisha ya baadaye ya kijana.

Mtihani unavyopangwa

Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) hutahini kemia kwa karatasi tatu. Karatasi ya kwanza na ya pili ni za nadharia. Kila moja huwa na alama 80 na hufanywa kwa muda wa saa mbili. Karatasi ya tatu ni ya vitendo katika maabara, ina alama 40, na hufanywa kwa saa mbili na dakika 15. Jumla ya alama zote ni 200.

Milinganyo huulizwa katika karatasi zote tatu. Katika nadharia, mtahiniwa huagizwa moja kwa moja aandike mlinganyo wa mmenyuko fulani. Wakati mwingine swali halitaji mlinganyo hata kidogo, lakini hesabu yake haiwezi kufanyika bila kuuandika kwanza. Katika karatasi ya vitendo, matokeo ya bureti na pipeti huwa hayana maana mpaka mtahiniwa ajue uwiano wa asidi na besi, na uwiano huo hutokana na mlinganyo.

Katika usahihishaji, mlinganyo usiosawazishwa haupewi alama, hata kama fomula zote ni sahihi. Aidha, alama zinazoonyesha hali ya vitu zikikosekana au zikikosewa, mtahiniwa hupunguziwa sehemu ya alama. Ni adhabu ndogo, lakini hurudiwa katika kila swali linalohusika.

Mlinganyo ni nini?

Mlinganyo wa kemikali ni taarifa fupi inayoeleza vitu gani vimeingia katika mmenyuko, vitu gani vimetoka, na kwa kiasi gani. Vinavyoingia huandikwa kushoto kwa mshale na vinavyotoka huandikwa kulia. Kwa mfano, utepe wa magnesiamu ukichomwa hewani huungana na oksijeni na kuacha majivu meupe ya oksidi ya magnesiamu:

2Mg(s) + O₂(g) → 2MgO(s)

Msingi wa kusawazisha ni kanuni iliyothibitishwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Antoine Lavoisier, katika karne ya 18. Kwa kupima vitu kwa mizani kabla na baada ya mmenyuko, Lavoisier alionyesha kwamba uzani wa jumla haubadiliki. Leo kanuni hiyo huelezwa kwa atomu: katika mmenyuko wa kemikali, atomu haziumbwi wala haziangamizwi, bali hubadilisha tu jirani zake. Idadi ya atomu za kila elementi upande wa kushoto lazima ilingane na idadi yake upande wa kulia.

Alama zinazotumiwa leo zilitokana na kazi ya mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, mwanzoni mwa karne ya 19. Alichagua herufi za majina ya Kilatini, na hiyo ndiyo sababu alama nyingine huwatatiza wanafunzi. Chuma huandikwa Fe kutokana na neno ferrum, shaba ni Cu kutokana na cuprum, risasi ni Pb kutokana na plumbum, fedha ni Ag kutokana na argentum, sodiamu ni Na kutokana na natrium, na potasiamu ni K kutokana na kalium. Mwanafunzi akijua asili hiyo, hana haja ya kukariri alama hizo kama vitendawili visivyo na majibu.

Fomula kwanza, usawazishaji baadaye

Makosa mengi yanayoitwa makosa ya kusawazisha huwa kwa hakika ni makosa ya fomula. Mwanafunzi akiandika kloridi ya kalsiamu kama CaCl badala ya CaCl₂, hakuna namba yoyote itakayomwokoa baadaye.

Fomula hutegemea valensi, yaani uwezo wa atomu au kundi la atomu kuungana na nyingine. Hidrojeni, sodiamu, potasiamu, fedha, klorini, iodini, pamoja na makundi ya hidroksidi (OH), nitreti (NO₃), bikaboneti (HCO₃) na amoniamu (NH₄), yana valensi ya 1. Magnesiamu, kalsiamu, zinki, bari, oksijeni, salfeti (SO₄) na kaboneti (CO₃) yana valensi ya 2. Alumini ina valensi ya 3. Metali nyingine zina zaidi ya moja: chuma huwa 2 au 3, shaba 1 au 2, na risasi 2 au 4. Swali likitaja chuma (II) au chuma (III), namba hiyo ya Kirumi ndiyo valensi yenyewe.

Njia rahisi ya kupata fomula ni kubadilishana valensi. Alumini ina 3 na oksijeni ina 2. Zikibadilishana tunapata Al₂O₃. Kundi la atomu likihitajika zaidi ya mara moja, hufungiwa katika mabano. Salfeti ya alumini huandikwa Al₂(SO₄)₃, na namba 3 nje ya mabano huzidisha kila kilicho ndani. Hapo pana atomu 2 za alumini, 3 za salfa na 12 za oksijeni. Anayesahau kuzidisha oksijeni hukosea hesabu yote inayofuata.

Pia ni lazima ikumbukwe kwamba elementi saba husafiri wawili wawili zinapokuwa peke yake: hidrojeni (H₂), nitrojeni (N₂), oksijeni (O₂), florini (F₂), klorini (Cl₂), bromini (Br₂) na iodini (I₂). Kuandika O badala ya O₂ ni kosa linalorudiwa mno.

Mahindi na maharagwe badala ya maabara

Shule nyingi za mashambani hazina vifaa vya kutosha vya kuonyesha miundo ya molekuli. Hata hivyo, usawazishaji unaweza kufunzwa kwa punje za nafaka zilizoko katika kila boma.

Punje ya mahindi na iwe atomu ya hidrojeni, na haragwe liwe atomu ya oksijeni. Mwanafunzi aweke mezani mahindi mawili pamoja, yaani H₂, na maharagwe mawili pamoja, yaani O₂. Kisha ajaribu kutengeneza maji, ambayo kila molekuli yake ina mahindi mawili na haragwe moja. Atapata molekuli moja ya maji, na haragwe moja litabaki bila mwenzake.

Haragwe hilo haliwezi kutupwa, kwa sababu atomu haziangamizwi. Wala haliwezi kubandikwa kwenye maji yaliyopo, kwa sababu molekuli itakuwa H₂O₂, ambayo si maji bali ni peroksidi ya hidrojeni, kitu kinachotumiwa kusafisha vidonda na kung'arisha nguo. Njia iliyobaki ni kuongeza mahindi mengine mawili. Sasa kuna molekuli mbili za maji na hakuna kilichobaki:

2H₂(g) + O₂(g) → 2H₂O(l)

Zoezi hili hufunza jambo ambalo maelezo ya ubaoni mara nyingi hushindwa kulifikisha. Namba ndogo ya chini ni sehemu ya kitu chenyewe na haiguswi. Namba kubwa ya mbele ndiyo inayobadilishwa, kwa sababu inaeleza ni molekuli ngapi zimehitajika.

Hatua za kusawazisha

Mwanafunzi anayefuata utaratibu mmoja kila mara hukosea mara chache kuliko anayebahatisha. Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Andika mmenyuko kwa maneno, ili ujue vinavyoingia na vinavyotoka.
2. Badilisha kila jina liwe fomula sahihi, kisha usiziguse tena fomula hizo.
3. Hesabu atomu za metali na uzisawazishe kwanza.
4. Sawazisha elementi zisizo metali. Kundi kama salfeti au nitreti likitokea pande zote mbili bila kuvunjika, lihesabu kama kitu kimoja.
5. Sawazisha hidrojeni, na oksijeni iwe ya mwisho.
6. Hesabu upya kila elementi, kisha uandike hali ya kila kitu.

Tuchukue alumini na asidi ya salfuri. Bila kusawazisha ni Al + H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + H₂. Kulia kuna alumini mbili, hivyo tunaweka 2 mbele ya Al. Kulia kuna salfeti tatu, hivyo tunaweka 3 mbele ya asidi. Sasa kushoto kuna hidrojeni sita, hivyo kulia tunaweka 3 mbele ya H₂. Jibu ni:

2Al(s) + 3H₂SO₄(aq) → Al₂(SO₄)₃(aq) + 3H₂(g)

Wakati mwingine oksijeni hukataa kulingana bila nusu. Butani, mojawapo ya gesi zinazojazwa katika mitungi ya kupikia, ina fomula C₄H₁₀. Ikiungua kikamilifu hutoa molekuli 4 za kaboni dioksidi na 5 za maji, ambazo kwa pamoja zina atomu 13 za oksijeni. Zinahitajika molekuli sita na nusu za O₂. Dawa yake ni kuzidisha kila kitu kwa mbili:

2C₄H₁₀(g) + 13O₂(g) → 8CO₂(g) + 10H₂O(l)

Hali ya vitu

Herufi zinazoandikwa katika mabano baada ya fomula huonyesha hali ya kitu: (s) ni yabisi, (l) ni kiowevu, (g) ni gesi, na (aq) ni kitu kilichoyeyuka katika maji. Ili kuziandika vyema, lazima mwanafunzi ajue chumvi zipi huyeyuka. Nitreti zote huyeyuka katika maji, na vivyo hivyo chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Kloridi nyingi huyeyuka isipokuwa ya fedha na ya risasi, ingawa ya risasi huyeyuka katika maji moto. Salfeti nyingi huyeyuka isipokuwa za bari na risasi, na ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu. Kaboneti nyingi haziyeyuki isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amoniamu.

Kanuni hizi chache zikishikwa, mwanafunzi anaweza kutabiri mashapo yatakayotokea katika karatasi ya vitendo kabla hata ya kuchanganya vimiminika.

Mlinganyo wa ayoni

Mmumunyo wa nitreti ya risasi ukichanganywa na ule wa iodidi ya potasiamu, mashapo ya rangi ya manjano hutokea. Ayoni za potasiamu na nitreti huwapo mwanzo na mwisho bila kubadilika, kama wageni waliohudhuria harusi bila kuoana. Zikiondolewa, hubaki kilichotendeka hasa:

Pb²⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s)

Hapa kuna mizani mbili. Atomu lazima zilingane, na chaji pia lazima zilingane. Watahiniwa wengi husahau mizani ya pili. Kwa mfano, Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag huonekana sawa ukihesabu atomu pekee, lakini kushoto kuna chaji moja na kulia kuna mbili. Mlinganyo sahihi ni:

Cu(s) + 2Ag⁺(aq) → Cu²⁺(aq) + 2Ag(s)

Kanuni hiyo hiyo hutumika katika elektrolisisi, ambapo mtahiniwa huandika nusu ya mmenyuko kwa kila elektrodi. Katika kathodi, ayoni hupokea elektroni, kama vile Cu²⁺(aq) + 2e⁻ → Cu(s). Katika anodi, elektroni hutolewa, kama vile 2Cl⁻(aq) → Cl₂(g) + 2e⁻. Anayeweka elektroni upande usiofaa atagundua kosa lake mara moja akijumlisha chaji.

Jifunze kwa familia, si mmoja mmoja

Mtaala wa miaka minne una milinganyo mingi, na kuikariri yote ni kazi isiyowezekana. Lakini milinganyo hiyo ina jamaa zake, na anayejua ukoo huwatambua watoto.

Asidi na metali tendaji hutoa chumvi na hidrojeni. Asidi na kaboneti hutoa chumvi, maji na kaboni dioksidi. Asidi na besi hutoa chumvi na maji. Familia hizi tatu pekee hujibu maswali mengi ya kidato cha kwanza na cha pili.

Nitreti zikipashwa moto hugawanyika kulingana na nafasi ya metali katika safu ya utendaji. Zile za sodiamu na potasiamu hutoa nitriti na oksijeni. Zile za metali za kati, kutoka kalsiamu hadi shaba, hutoa oksidi, gesi ya kahawia ya nitrojeni dioksidi, na oksijeni:

2Pb(NO₃)₂(s) → 2PbO(s) + 4NO₂(g) + O₂(g)

Ile ya fedha huacha metali tupu, kwa kuwa oksidi yake haistahimili moto. Kaboneti nazo hufuata utaratibu unaokaribiana na huo: nyingi hutoa oksidi na kaboni dioksidi, lakini za sodiamu na potasiamu hazivunjwi na moto wa maabara.

Yapo pia maeneo ambapo hali ya mmenyuko hubadilisha jibu. Shaba na asidi ya nitriki iliyokolea hutoa nitrojeni dioksidi, lakini asidi iliyopunguzwa kwa maji hutoa oksidi ya nitrojeni (NO):

3Cu(s) + 8HNO₃(aq) → 3Cu(NO₃)₂(aq) + 2NO(g) + 4H₂O(l)

Milinganyo ya namna hii ni michache na inafaa kuandikwa katika kadi ndogo, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, ili mwanafunzi aipitie akiwa njiani au akingoja maji kisimani.

Mlinganyo na hesabu ya moli

Katika kidato cha tatu, mada ya moli huonyesha kwa nini namba za mbele zina thamani. Tuseme katika maabara sentimita 25 za ujazo za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita zimemalizwa nguvu na sentimita 12.5 za ujazo za asidi ya salfuri. Ukolezi wa asidi ni upi?

2NaOH(aq) + H₂SO₄(aq) → Na₂SO₄(aq) + 2H₂O(l)

Moli za hidroksidi ni 0.0025. Mlinganyo unasema moli mbili za hidroksidi hukutana na moli moja ya asidi, hivyo asidi ilikuwa moli 0.00125. Zikigawanywa kwa lita 0.0125, ukolezi ni moli 0.1 kwa lita. Mtahiniwa aliyesahau namba 2 mbele ya NaOH atapata 0.2, mara mbili ya jibu. Vipimo vyake vya bureti vinaweza kuwa safi kabisa, lakini jibu likawa baya.

Vivyo hivyo, gramu 10 za kaboneti ya kalsiamu, ambayo moli moja yake ina gramu 100, ni moli 0.1. Zikimenyuka zote na asidi ya hidrokloriki, hutoa moli 0.1 za kaboni dioksidi. Kwa kuwa moli moja ya gesi hujaza lita 24 katika joto la kawaida la chumba, gesi itakayopatikana ni lita 2.4.

Kemia iliyoko nyumbani

Mwanafunzi wa Kathonzweni hahitaji kwenda mbali kuona milinganyo ikifanya kazi. Katika sehemu nyingi za Ukambani maji ya visima huwa na madini mengi. Sabuni hukataa kutoa povu na sufuria hupata ukoko mweupe. Ukoko huo ni mlinganyo unaotendeka jikoni, kwani bikaboneti ya kalsiamu huvunjwa na moto:

Ca(HCO₃)₂(aq) → CaCO₃(s) + H₂O(l) + CO₂(g)

Huo ndio ugumu wa muda wa maji. Ugumu wa kudumu, unaoletwa na salfeti za kalsiamu na magnesiamu, hauondoki kwa kuchemsha, bali unaweza kuondolewa kwa kaboneti ya sodiamu. Ifahamike pia kwamba ladha ya chumvi ni jambo jingine: kuchemsha hakuiondoi, kwa sababu chumvi ya kawaida haivunjwi na joto hilo. Tofauti hiyo hupendwa na watahini.

Kaboneti ya sodiamu yenyewe huzalishwa nchini, katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Magadi yanayochimbwa huko, yaitwayo trona, huchomwa katika tanuri:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O)(s) → 3Na₂CO₃(s) + CO₂(g) + 5H₂O(g)

Mlinganyo huu una mabano na maji ndani ya fuwele, na unafaa sana kwa zoezi la kuhesabu atomu. Kila upande una sodiamu 6, kaboni 4, hidrojeni 10 na oksijeni 16.

Jiko la makaa nalo hufunza somo linaloweza kuokoa maisha. Chini ya jiko, kaboni huungana na oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Katikati, gesi hiyo hukutana na makaa moto na kugeuka kaboni monoksidi:

CO₂(g) + C(s) → 2CO(g)

Juu, penye hewa ya kutosha, kaboni monoksidi huungua kwa mwali wa samawati. Jiko likiwekwa katika chumba kilichofungwa, gesi hiyo isiyo na harufu hujaa na kuua waliolala. Anayeuelewa mlinganyo huu hatalala na jiko ndani ya nyumba.

Lugha ya mtihani

Mtihani wa kemia huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wanafunzi wengi wa Makueni ni ya tatu baada ya Kikamba na Kiswahili. Baadhi ya wanafunzi huelewa mmenyuko vyema lakini hushindwa kutambua swali linataka nini. Alama za kemia hazina tatizo hilo, kwani Fe ni Fe katika lugha zote. Kwa hivyo inafaa wanafunzi wajadiliane katika vikundi kwa lugha waijuayo vizuri hadi maana iingie, kisha waandike majibu kwa Kiingereza cha mtihani. Mwenye kuweza kumweleza mwenzake kwa nini haragwe limebaki ameelewa zaidi ya aliyekariri ukurasa mzima.

Aidha, ni muhimu kutofautisha maagizo. Swali linaloomba mlinganyo wa maneno halihitaji fomula. Linaloomba mlinganyo wa ayoni halitosheki na mlinganyo kamili.

Ratiba inayowezekana

Milinganyo haifai kuachwa hadi wiki ya mwisho. Dakika 15 kila jioni, kwa milinganyo mitano tu, huwa milinganyo 35 kwa wiki. Siku ya kwanza mwanafunzi aandike fomula, siku inayofuata asawazishe bila kutazama, na mwisho wa wiki arudie yale aliyokosea pekee. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zinafaa kutumiwa kwa kupima muda.

Kwa mujibu wa mpango wa serikali, KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2027, na wanaofanya mtihani huo ni wale waliokalia KCPE ya mwisho mwaka wa 2023. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza masomo ya sekondari ya juu Januari 2026, na kemia ni miongoni mwa masomo ya mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mfumo unabadilika na majina ya mitihani yatabadilika. Hata hivyo, mahindi mawili na haragwe moja yataendelea kutengeneza maji, na mwanafunzi yeyote atakayeingia chumba cha mtihani atatakiwa kuhakikisha kwamba kilichoingia upande wa kushoto kimetoka chote upande wa kulia.